Nchi Isiyo na Mshenga

Romani alifika kwa Mzee Sadallah siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, peke yake, mikono mitupu, akaketi kizingitini.

Hakupiga hodi. Alivua viatu vyake, akavisogeza pembeni visimkwaze mtu, akakaa ameegemea mwimo wa mlango kama mtu aliyeagizwa angoje hapo. Barazani Mzee Sadallah alikuwa kwenye cherehani yake, anashona pindo la kanzu, na karibu naye wazee wawili wa mtaa walikuwa wanacheza bao. Ng'ambo ya njia, Bi Mwanabaraka alikuwa mlangoni kwake anakuna nazi.

"Kijana, umepotea?" Mzee Sadallah aliuliza.

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nyanyuka hapo, kizingiti hakikaliwi. Njoo barazani, mkeka huu hapa."

"Nashukuru, mzee. Ila mie nangoja kuulizwa."

Cherehani ikasimama. "Uulizwe nini?"

"Nilichokifuata."

Mmoja wa wacheza bao akacheka, kete zimo mkononi. "Muulize basi, Sadallah, atupishe. Mlango wote ameuziba kama kabati."

"Haya. Umefuata nini?"

"Nimekuja kumposa Mwanaheri."

Ndani, Mwanaheri alikuwa amekaa na mama yake wanachagua mchele. Ungo ulimtoka mapajani, mchele ukatapakaa sakafuni. Bi Chausiku alimtazama binti yake, kisha akautazama mchele, akaanza kuuokota punje kwa punje.

"Wewe na nani?" sauti ya Mzee Sadallah iliuliza.

"Mie peke yangu."

"Wazee wako wako wapi?"

"Baba alishafariki. Mama yuko Newala. Hapa mjini nina mjomba, Mzee Alfonsi, tunachonga vinyago pamoja kule Mtoni."

"Mjomba wako mzima?"

"Mzima, mzee."

"Ana miguu?"

Wazee wa bao wakacheka. Romani hakucheka. "Anayo, mzee."

"Basi kwa nini hayupo hapa?"

Mwanaheri, aliyekuwa amesimama ukumbini nyuma ya pazia, aliiona shingo ya Romani tu, na jasho lililoteremka taratibu likaingia kwenye ukosi wa shati lake jeupe. Shati lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana. Alijua Romani hana pasi. Lazima aliazima mahali.

"Nilitaka kuja mwenyewe," Romani alisema mwishowe.

"Makubwa!" Bi Mwanabaraka alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Kajileta mwenyewe kama barua isiyo na stempu! Kesho atajiozesha, keshokutwa ajipigie na ngoma!"

Wapita njia wawili walisimama. Mzee Sadallah hakupandisha sauti. Alikata uzi kwa mkasi, akaikunja kanzu mara mbili, akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Kijana, vaa viatu vyako. Umekuja kuniulizia mwanangu kama mtu anayeulizia cherehani hii inauzwa au haiuzwi. Sikutukani. Lakini nenda."

Romani alisimama. Kabla hajavaa viatu aligeuka, akatazama ndani, na kwenye giza la ukumbi macho yao yakakutana. Mwanaheri alitegemea kuona aibu. Hakuiona. Aliona mshangao, kama wa mwanafunzi aliyejibu swali sawasawa akawekewa alama ya mkasi.

Ndipo Mwanaheri alipoelewa nini kilichomleta.

*

Mwaka ule wa sabini na tatu watu wazima wa Temeke walikuwa wanasoma. Watoto wa shule wakishatoka, wazee, mama ntilie, makuli na mafundi waliingia madarasani, wakakunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwanaheri alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa mwalimu wao wa kujitolea. Hakuwa na vitabu zaidi ya vile vya kilimo cha pamba na vya kuchemsha maji ya kunywa.

"Mwalimu," Romani alisema siku moja, "sie wa Temeke pamba tunaijua kwenye godoro tu."

Darasa zima lilicheka, na Mwanaheri alicheka nao. Usiseme hakuudhika kidogo. Lakini wiki iliyofuata alikuja na daftari aliloliandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, kila mtu apate kusoma. Aliandika habari za nchi iitwayo Ndelembe, iliyo nyuma ya vilima vya Pugu, mahali reli inapopinda. Huko mtu akienda shambani huacha kivuli chake nyumbani kiwatazame watoto. Huko mito hupanda mlima asubuhi na kuteremka jioni.

Romani, mtu mzima wa miaka thelathini aliyekuwa bado anasoma herufi moja moja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kivuli kinapowatazama watoto, mtoto akilia njaa, kinamnyonyeshaje?"

Mwanaheri alikwenda na swali lile nyumbani, akalala nalo, akarudi na ukurasa mpya: vivuli vya Ndelembe hupika uji wa ulezi, kwa kuwa ulezi ni mweusi na hauviogopeshi. Romani alitikisa kichwa, ameridhika. Halafu akauliza kama mto uko mlimani mchana kutwa, watu wa bondeni wanafua nguo wapi.

Hivyo ndivyo nchi ile ilivyojengwa. Yeye aliandika, Romani aliuliza, na kila swali lilizaa kijiji kipya, au soko, au sheria. Romani alizoea kubaki nyuma kupanga madawati, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alikuwa anampangia pia chaki zake, vipande virefu mbele, vifupi nyuma, ili asihangaike. Siku moja alimletea kinyago cha mpingo, kivuli kimebeba mtoto mgongoni. Mwanaheri alikipokea kwa mikono miwili. Vidole vyao viligusana, na kila mmoja akajifanya anakitazama kinyago.

Mwezi wa Shabani aliandika ukurasa huu: "Ndelembe hakuna mshenga. Anayempenda mtu huenda mwenyewe, peke yake, mikono mitupu. Hukaa kizingitini akangoja kuulizwa."

Alimpa Romani ausome mbele ya darasa. Aliusoma amesimama, kidole chini ya mstari, mpaka nukta ya mwisho. Ulikuwa ukurasa wa kwanza maishani mwake kuusoma wote bila kusaidiwa na mtu. Wenzake walimpigia makofi. Mwanaheri alikuwa anatazama nje dirishani, kwa sababu alipouandika alijua anamwaza nani, na aliogopa uso wake utasema.

Lakini hakudhani hata mara moja kwamba kuna mtu atapiga shati pasi akaenda kuitii sheria ile.

*

Aibu ya Jumamosi ile ilitembea mtaani kwa siku sita. Bi Mwanabaraka aliisimulia bombani, akaisimulia sokoni, akaongeza chumvi kila mahali. Ijumaa, baada ya sala, wazee watatu walifika kwa Mzee Sadallah kutoka Chanika. Walivaa kanzu na koti, walikuja na barua iliyofungwa kwenye leso, na walileta posa ya Nassibu bin Omari, mtu mwenye mashamba ya mihogo na minazi, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi.

Nassibu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mwanaheri zaidi. Bi Chausiku alipougua miaka mitatu nyuma, ni Nassibu aliyemleta muuguzi kwa baiskeli yake mwenyewe, akamwachia muuguzi baiskeli, akarudi Chanika kwa miguu. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu mwingine.

Mzee Sadallah aliipokea barua. Akawakubalia wazee palepale.

Jumapili asubuhi Mwanaheri alimfuata baba yake barazani. Mzee alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano, anausogeza karibu na jicho, anauweka mbali. Mwanaheri aliuchukua, akautunga, akamrudishia.

"Ahsante, mama."

"Baba, yule kijana hakukudharau."

Mzee Sadallah hakumtazama. "Yupi?"

"Unamjua. Mie ndiye niliyemwambia aje vile."

"Ulimwambia?"

"Niliandika. Kwenye kitabu cha darasani, hadithi ya nchi ya kubuni. Niliandika kwamba huko mtu huja mwenyewe, akakaa kizingitini. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, baba. Alisoma akafuata."

"Uliandika kwa ajili yake?"

Mwanaheri alitazama miguu yake. "Niliandika kwa ajili yake."

Mzee aliiweka sindano kwenye mfuko wa shati, mahali anapoiweka akitaka kufikiri. Gari la maji lilipita, likaacha barabara imelowa.

"Hiyo nchi yako," alisema mwishowe, "binti akiumwa huko kwa mumewe, akipigwa, akilala njaa, baba yake anamwendea nani?"

Mwanaheri aliitafuta Ndelembe yote, soko kwa soko, mto kwa mto.

"Sikuliandika hilo."

"Hukuliandika." Sauti ya mzee haikuwa na hasira. "Mshenga si mtu wa kubeba barua tu, mwanangu. Mshenga ndiye nitakayemgongea mlango usiku wewe ukiwa na shida. Nitamwambia, ulisimama hapa ukasema kijana wako ni mtu, haya twende ukamwone. Yule wako alikuja peke yake. Mie sikumkataa kwa dini yake. Dini mtu anaingia. Sikumkataa kwa vinyago vyake. Nilimkataa kwa upweke wake. Nikutie mikononi mwa mtu asiye na wa kumuuliza?"

"Ana mjomba wake, baba. Ni mtu mwema. Atakuja hata leo."

"Leo?" Mzee Sadallah alijifuta macho kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Ungeniambia Alhamisi, mama. Alhamisi ningemngoja huyo mjomba na kahawa. Sasa nimeshawajibu watu wa Chanika, na posa haipokelewi juu ya posa. Hiyo si amri yangu mie niivunje."

"Na mie hukuniuliza, baba."

Neno lile lilimchoma. Mwanaheri aliona limemchoma.

"Sikukuuliza," alikubali polepole. "Nilikuwa na aibu, nikaifanyia haraka. Mungu anisamehe. Lakini kuwarudishia wale wazee leso yao, nitakwenda na uso gani?"

Mwanaheri alipiga magoti, akamshika baba yake mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi, una matundu madogo madogo ya sindano kwenye kidole cha shahada. Hakuweza kuuomba kitu kingine tena.

*

Kibanda cha wachongaji kilikuwa Mtoni, kando ya barabara, paa la makuti na magogo ya mpingo yamelazwa kama watu waliochoka. Mwanaheri alifika Jumatatu saa tisa mchana. Mzee Alfonsi alimwona kwa mbali, akaacha kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Alitafuta mahali pa kumkalisha, kila mahali pana vumbi jeusi, akaenda akachukua shati lake safi lililoning'inia kwenye msumari, akalitandika juu ya gogo. "Kaa hapa. Usiniharibie kanga yako."

"Mzee, shati lako..."

"Shati linafuliwa." Kisha akamgeukia mpwa wake aliyekuwa pembeni, ameshika tezo lakini hachongi. "Mwambie mwenyewe, huyu! Hata kwetu Newala mtu hajiposei mwenyewe kama jogoo. Nina suruali yangu ya tetroni ndani ya sanduku, tangu pasaka sijaivaa. Angeniambia neno moja tu, ningekwenda naivaa njiani!"

"Mjomba," Romani alisema.

"Nimenyamaza. Naenda kunoa patasi."

Alikwenda akakaa mbali kiasi cha kutosikia maneno, karibu kiasi cha watu wa barabarani kuona kwamba wale wawili hawako peke yao. Mwanaheri alimshukuru moyoni.

"Nimesikia habari za Chanika," Romani alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wewe umekubali?"

"Baba amekubali."

"Nimekuuliza wewe, mwalimu."

Romani aliiweka tezo chini. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya zamani, na leo kulikuwa na jeraha jipya gumbani, limefungwa kitambaa. Mchongaji wa miaka yote ile hajikati hovyo.

"Twende Newala," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yangu atakupokea. Nitasoma dini yenu, nitajifunza sala, sina ugomvi na hilo. Kama nilijifunza herufi kwenye uzee huu, nitajifunza na hizo."

"Huna uzee wowote."

"Twende."

"Romani, baba yangu hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Nikiondoka hivyo, Mwanabaraka atamzika kabla hajafa."

Romani alitazama chini. Wote wawili walisikia patasi ya Mzee Alfonsi ikisugua jiwe, ikasimama, ikasugua tena.

"Basi nijibu kitu kimoja," Romani alisema. "Kimoja tu, sitakuuliza tena. Ule ukurasa wa mshenga. Uliniandikia mie?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu lori la magogo linarudi kusini Alhamisi. Ukisema hapana, nitalipanda. Ukisema ndiyo, sitoki hapa. Nitakaa Temeke hata miaka ishirini. Wewe uwe Chanika na mumeo na watoto wako, mie nitakaa tu, nijue kwamba nilipendwa. Inanitosha."

Alisema hivyo bila kujisifu, kama anavyosema gogo fulani litatoa kinyago fulani. Na Mwanaheri alijua kwamba atafanya kweli. Alimwona atakavyokuwa: nywele nyeupe, kibanda hikihiki, kila basi la Chanika likipita ananyanyua kichwa. Hakuwa na haki ya kumfunga mtu mwema hivyo kwa neno moja.

Alimtazama usoni.

"Hapana. Nililiandikia darasa. Ilikuwa hadithi."

Romani alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, tabasamu la aibu, akasugua kitambaa cha gumbani.

"Basi nilisoma vibaya."

"Romani..."

"Ndiyo mie huyo. Miaka thelathini sijui a wala be, nikasoma ukurasa mmoja nikajiona mtu. Nikapiga na pasi." Alicheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko kilio. "Nisamehe, mwalimu. Nimekutia aibu na mzee wako kwa ujinga. Mambo ya kusoma yana wenyewe. Nitawaachia."

Mwanaheri aliliona tabasamu lile akalitambua. Alikuwa ameliona kwa mama mmoja muuza maandazi aliyechekwa darasani, na kwa kuli mmoja aliyekosea jina lake mwenyewe ubaoni. Walitabasamu hivyohivyo, wakashukuru vizuri, na hawakurudi tena. Uongo wake aliuandaa tangu Temeke, akautembeza njia nzima usimwagike. Alikuwa tayari kumnyang'anya Romani kila kitu. Lakini siyo hiki, kusoma kwake.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hukusoma vibaya." Machozi yalikuwa yameshafika, hakuyafuta. "Ulisoma sawasawa, Romani. Hukukosea hata herufi moja."

Patasi ya Mzee Alfonsi ilinyamaza. Romani alimtazama Mwanaheri, na lile tabasamu la aibu likamtoka taratibu, mahali pake pakaja uso wake mwenyewe, uso wa mtu aliyesimama mbele ya darasa akafika nukta ya mwisho. Hakunyoosha mkono kumgusa. Walikaa hivyo, wanatazamana, na hapakuwa na kilichobaki cha kufichana.

"Na bado unataka nipande lori," alisema.

"Nataka upande."

"Kwa nini?"

"Usinizeekee barabarani. Na huko uendako usiache kusoma. Kuna madarasa kila mahali sasa. Niahidi."

Romani aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Alhamisi nitakwenda," alisema. "Lile hapana lako sikulisikia. Nakwenda kwa sababu umeniomba."

Mwanaheri alinyanyuka. Alilikung'uta shati la Mzee Alfonsi, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya gogo. Hakuaga, kwa sababu kila neno la kuagana lingemrudisha kukaa.

Mzee Alfonsi alikuwa ameshasimama kando ya njia. Hakuuliza kilichosemwa. Alisema tu, "Twende, mwanangu," akatangulia. Alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akitembea mbele yake hatua chache, polepole, mabega yake mapana yamejaa njia, anaamkia watu kwa sauti kubwa kushoto na kulia, anauliza habari za watoto, za biashara, za jua kali. Kila mtu alimtazama yeye. Hakuna aliyepata nafasi ya kumtazama binti aliyekuwa nyuma yake analia.